Kabureta Aliyoichagua Norval

Kila asubuhi, tangu nyasi zikauke mwishoni mwa kiangazi hadi zichipue tena, Ardith Kesselring alilisha ng'ombe arobaini na mmoja kwa gari lisilo na dereva. Hulipakia marobota ya nyasi kavu, akaliingiza malishoni, akatia gia ya chini kabisa, akaufunga usukani kwa kamba kwenye mpini wa mlango, kisha akateremka na kupanda nyuma huku gari linatembea. Gari likajikokota lenyewe, polepole kama mzee anayekwenda kanisani, naye akikata kamba za marobota na kuwatupia ng'ombe waliofuata nyuma kwa foleni. Katika bonde lile la Wyoming kila aliyekosa mkono wa pili alilisha hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Sharti lilikuwa moja tu: injini iungurume sawasawa bila mguu wa mtu kwenye mafuta. Ikizima, gari husimama, ng'ombe hulizingira, na mwenye gari hushuka kwenye upepo wa kukata masikio, akaliwasha, akapanda, akaanza upya.

Kwa miaka thelathini na sita mkono wa pili ulikuwa wa mumewe. Norval aliendesha, yeye akatupa. Mwezi Machi mwaka ule, 1998, Norval aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu wa kulia nusu, kikachukua maneno yote isipokuwa moja. Neno hilo lilikuwa "basi." Akitaka kahawa alisema basi. Mlango ukigonga, basi. Mkewe akimvua viatu usiku, basi, kwa sauti ya chini. Ardith hakuweza kumwacha peke yake nyumbani, kwa hiyo alipokwenda kulisha alimfunga mkanda kwenye kiti cha abiria, na Norval akakaa humo akiutazama usukani mtupu. Hakutazama dirisha lake hata mara moja, wala milima. Aliutazama usukani tu. Ardith alipomwona vile kupitia kioo cha nyuma alijisemea kwamba mwenye gari bado analiangalia gari lake.

Hilo ndilo lililomtenga na bintiye. Corinne alikuwa mwalimu huko Denver, mtoto wao wa pekee, na kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu. Alitaka baba yake apelekwe kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Laramie kabla theluji haijafunga barabara. Hakuwa mtoto mbaya. Aliona mgongo wa mama yake ulivyopinda, na alikuwa amehesabu vizuri ni mara ngapi kwa siku mama huyo anamwinua mwanamume wa kilo tisini.

"Mama," alimwambia mwezi Julai, "mimi nampenda Baba. Lakini yule unayemlea siye. Wewe unamwona yule unayetaka kumwona."

"Yumo," Ardith akajibu. "Amefungiwa tu. Wewe humwoni kwa sababu hukai naye."

Wakakubaliana kwa shingo upande: wangeangalia hadi mwisho wa Oktoba. Kama yumo, atabaki nyumbani kwake. Kama hayumo, Laramie.

Mwishoni mwa Septemba injini ikaanza kupanda na kushuka. Iliunguruma kwa kasi kama iliyotishwa, halafu ikazama, halafu ikazima. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1957, rangi ya kijani iliyopauka hadi kuwa kama maji ya kuoshea vyombo, na Ardith aliijua sauti yake kuliko alivyoijua sauti ya dada yake. Alifungua boneti, akabadilisha gasketi, akasafisha kila kitundu kwa hewa, jinsi alivyoona ikifanywa mara ishirini akiwa amesimama pembeni kupokeza spana. Haikusaidia. Basi akaifungua kabureta, akaifunga kwa gazeti, akaipeleka mjini kwa gari la kuazima, Norval kwenye kiti cha abiria, hadi kwa Lyle Bostwick, mwenye duka la spea.

Asubuhi kaunta ya Lyle ilikuwa na viti vinne virefu, na kwenye viti hivyo wazee walewale wanne wakinywa kahawa ya bure na kumkosoa anayetoa kahawa. Lyle alishika kabureta, akautikisa mhimili wake kwa vidole viwili.

"Umelika, shemeji," akasema. Alikuwa akimwita shemeji tangu siku ya harusi. "Hewa inaingia ubavuni. Hapa hata ukibadilisha gasketi mpaka uzeeke, haiponi."

"Nimeshazeeka," Ardith akasema.

"Mwuzie Lyle hilo kopo zima la gari," mmoja wa wale wazee akadakia kutoka kwenye kahawa yake. "Mwanamke wa umri wako anastahili gari lenye hita."

"Na wewe unastahili mke mwenye masikio," mwenzake akamwambia, "lakini tumekuvumilia."

Lyle akamweleza kwamba njia ziko tatu. Ya kwanza ni kabureta ileile, ya koo moja la kupitishia hewa, iliyofumuliwa na kutengenezwa upya kiwandani. Hiyo unatoa ya kwako ya zamani, unapewa iliyotengenezwa, ndiyo desturi. Ya pili ni mpya kabisa, ya kuigiza, inatoka ng'ambo kwa posta, na wengine wanaisifu na wengine wanaitupia mbwa. Ya tatu ni ya koo mbili, ya gari jingine, inayokaa juu ya bamba la kuunganishia. Ina nguvu, ila si kila mtu anapenda kulivalisha gari lake kofia ya mwenzake. Akampa kurasa za katalogi akafikirie.

Ardith hakutaka kufikiria peke yake. Njiani kurudi wazo lilimjia, na lilimpa joto la moyo ambalo hakuwa amelihisi tangu Machi. Hapa palikuwa na swali ambalo mtu mmoja tu duniani alilijua jibu lake, na halikuhitaji maneno. Lilihitaji kidole.

Alikata picha tatu, akazibandika kwenye vipande vya kadibodi, akazipanga mezani mbele ya Norval kutoka kushoto kwenda kulia, kwa utaratibu aliotumia Lyle. Akamweleza polepole. Norval aliinamisha kichwa. Akakaa kitambo, akipumua kwa pua kama alivyofanya zamani mbele ya injini iliyomshinda mwenye nayo. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole juu ya picha ya kwanza, akaigonga mara mbili.

"Hii? Ileile yetu, ya kutengenezwa upya?"

"Basi," Norval akasema.

Akamwuliza tena ili awe na hakika. Akagonga ileile. Ardith alimkumbatia kichwa, akalia kwenye nywele zake, na Norval akamwachia tu.

Jumapili hiyo Corinne alipopiga simu, Ardith alimsimulia habari nzima, picha kwa picha, kidole na kugonga.  Halafu Corinne akasema, kwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu binti huyo akiwa na miaka kumi, "Alichagua kweli?" Na Ardith akasema alichagua kweli. Jina la Laramie halikutajwa.

Jumatatu alikwenda mjini kwa gari lilelile la kuazima, Norval akimsubiri humo. Aliifuta kabureta ya zamani kwa kitambaa chenye petroli hadi ikang'aa, akaiweka kaunta, akaisukuma kwa Lyle. Lyle akauliza kama mzee mwenyewe ameridhia. Ardith akajibu kwamba kaonyesha kwa kidole chake, mara mbili. Wale wazee wanne wakaacha kunywa. Mmoja akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena, akasema Norval alikuwa mjuzi wa kabureta tangu jeshini. Ardith alitoka dukani akiwa amenyooka.

Alifunga mwenyewe ile iliyotengenezwa upya. Nati mbili, bomba la mafuta, fimbo ya akselereta, waya wa choki. Norval alikaa kwenye stuli banda la gari likiwa wazi, jua likimpiga magotini. Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Kwa dakika tatu Ardith alikuwa mwanamke mwenye furaha. Kisha moshi mweusi ukaanza kutoka ekzosi, harufu ya petroli mbichi ikajaa bandani, injini ikawa nzito, ikakohoa, ikazima. Alizungusha skrubu huku na huku siku mbili nzima. Malishoni gari lilikwenda hatua hamsini likasimama. Siku ya tatu alishuka na kupanda mara kumi na moja, na usiku magoti yake yalikuwa yamevimba kama viazi.

Alirudi kwa Lyle. Lyle alifungua kabureta ile papo hapo juu ya kaunta, akatoa kijeti cha shaba, kitundu kidogo kinachopima petroli inayoingia, akakiinua mwangani.

"Hiki ni cha watu wa chini," akasema. "Cha watu wenye hewa. Sisi huku tuko juu futi elfu saba, hewa nyepesi, petroli ileile. Ndiyo maana inasongwa." Akakizungusha kijeti vidoleni. "Ile yenu ya zamani ilikuwa na vijeti vidogo. Norval alivitia mwenyewe, mwaka sabini na tatu au sabini na nne. Mimi ndiye niliyemwagizia. Alivisubiri miezi mitano, kila wiki ananiuliza kama vimezaliwa." Akacheka kwa kukumbuka. "Nilidhani mmevitoa kabla ya kuniletea. Norval hawezi kumpa mtu kabureta yenye vijeti vile. Angekukata mkono kwanza."

Ardith akauliza ile ya zamani iko wapi.

"Ilikwenda na lori la Jumanne, shemeji. Kule inatiwa kwenye pipa na wenzake mia tatu, na vijeti vya namna ile siku hizi havipatikani."

Walipokwisha kuirudisha kabureta, njia nzima Ardith alimtetea mumewe ndani ya gari lililokuwa likikohoa. Angesemaje jeti, mtu mwenye neno moja? Angeonyeshaje? Labda alimwona akiifuta ile kabureta na akasema basi, na yeye hakuelewa. Hata mtu mzima husahau jambo la miaka ishirini na tano. Alitetea vizuri, na kadiri alivyotetea ndivyo mikono yake ilivyozidi kuubana usukani. Norval alikuwa pembeni yake, akiutazama usukani.

Alhamisi iliyofuata alikuja Twyla Gebhart, nesi wa wilaya anayezungukia wagonjwa majumbani. Mwanamke mnene, mcheshi, ambaye alikuwa mgeni katika njia ile, kwani aliyekuwa akija kabla yake alikuwa amehama. Alimkuta Norval mezani. Ardith alikuwa amempikia mchuzi wa maharage na nyama wenye pilipili, na kando yake andazi kubwa la mdalasini, mlo aliokuwa akiupenda tangu shule. Norval alikuwa ameweka kijiko chini. Mchuzi umekwisha, andazi liko vilevile, halijaguswa.

Ardith akamweleza kwamba ndivyo alivyo siku hizi, hamu ya kula imepungua, na kwamba kila siku nusu ya sahani inakwenda kwa mbwa.

Twyla alivuta kiti karibu. Aliishika sahani kwa ncha za vidole, akaigeuza nusu duara. Norval akalitazama andazi kama lililoshuka kutoka darini. Akalichukua, akalila lote, akajilamba sukari vidoleni.

"Hakuliacha, mama," Twyla akasema. "Hakuliona. Hakuna aliyekuambia? Upande wake wote wa kulia haupo. Si macho, macho ni mazima, ni kichwa. Kwake dunia inaishia katikati ya pua."

Aliendelea kueleza kwa upole, kwamba amkalie upande wa kushoto, kwamba sahani iwekwe huku, kitanda kigeuzwe. Ardith aliitikia. Alimpa kahawa, akamsindikiza hadi kwenye gari, akamshukuru kwa jina. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Picha zilikuwa kwenye droo. Akazipanga mbele ya Norval, safari hii ile ya koo mbili ikiwa kushoto. Akamweleza upya, kwa maneno yaleyale. Norval akainamisha kichwa, akapumua kwa pua, akainua mkono, akagonga ya koo mbili. Mara mbili.

Akazihamisha. Ya kuigiza kushoto. Akagonga ya kuigiza.

Angeweza kuachia hapo. Lakini alikuwa ameishi na fundi miaka thelathini na sita, na fundi haamini mpaka amejaribu kwa kitu ambacho hakiwezi kudanganya. Alichukua katalogi ya nguo na vyombo, akachana ukurasa wenye picha ya mashine ya kufulia, nyeupe, yenye mwanamke anayetabasamu kando yake, akauweka kushoto. Kabureta zote tatu akaziweka kulia.

"Norval," akasema, "tuweke ipi kwenye gari?"

Aliinamisha kichwa. Alifikiri, au uso wake ulifanya vile unavyofanya uso wa mtu anayefikiri. Kisha akaigonga mashine ya kufulia mara mbili, kwa uangalifu, kwa uzito uleule, akamwinulia mkewe macho.

"Basi," akasema.

Ardith aliketi. Akaona sasa kwamba siku ile ya kwanza alizipanga picha kama mtu anavyoandika, na kwamba mwanzoni kabisa aliiweka ile ambayo yeye mwenyewe aliitaka. Alikuwa amejiuliza na kujijibu, akalia kwenye nywele za mtu mwingine. Akaufikiria ule usukani, miezi saba ya kuutazama usukani. Ulikuwa upande wake wa kushoto, kama ulivyo katika magari yote ya kule. Hakukuwa na kitu kingine pale cha kutazama.

Kesho yake alipiga simu dukani. Alimwuliza Lyle kama ile ya koo mbili ingeunguruma bila mguu, gari likiwa na gia ya chini na hakuna mtu ndani. Lyle akasema alikuwa nayo moja nyuma ya duka, imetoka kwenye lori la watu wa bonde la juu, imeshazoea hewa yao, inatulia kama paka jikoni. Angeweza kuja Jumatano kufunga lile bamba, kama kungekuwa na chakula. Halafu akauliza, kwa mazoea, mzee anaonaje.

"Haoni chochote, Lyle," Ardith akasema. "Nichukulie hiyo ya koo mbili."

 Nyuma ya Lyle zilisikika sauti za wale wazee na vikombe vyao. Kisha akasema haya, shemeji, Jumatano.

Na Jumapili simu ikalia baada ya ibada. Corinne alikuwa na furaha. Alisema amezungumza na daktari mmoja, mzazi wa mwanafunzi wake, na daktari kamwambia kwamba mgonjwa anayeweza kuchagua ana matumaini, na kwamba huenda yeye, Corinne, alikuwa na haraka mno. Labda baba angeweza kubaki nyumbani msimu huu wa baridi. Labda wangetafuta mtu wa kumsaidia mama. Alisema mengi, kwa kasi, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa akiuonea aibu.

Ardith alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameshapata alichokuwa akikipigania tangu Julai. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Norval alikuwa amelala kwenye kiti kando ya dirisha, mdomo wazi, mkono wa kulia umeanguka nje ya kiti kama kitu cha mtu mwingine.

"Corinne," akasema. "Baba yako hakuchagua."

"Hakuchagua nini?"

"Kabureta. Anagonga chochote kilicho kushoto. Nimemwekea mashine ya kufulia, kaichagua. Nimejaribu, mwanangu. Nimejaribu vizuri."

 Akamsikia binti yake akijaribu kulia bila sauti, jambo ambalo hakuwahi kuliweza.

"Kwa nini umeniambia?" Corinne akauliza. "Mimi nilikuwa nimeshaamini."

 Ardith akamwambia aje Jumamosi, aje na zile karatasi za Laramie, na aje mapema, kwa sababu redio ilikuwa imetaja theluji.

Theluji ilianguka Ijumaa usiku, nyepesi, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Corinne alikuwa ameshafika jioni ile, na asubuhi alibaki ndani akimnyoa baba yake na kukunja mashati yake kwenye sanduku. Ardith alitoka kulisha. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka peke yake. Aliingiza gari malishoni, akatia gia ya chini, akafunga usukani kwa kamba, akateremka, akapanda nyuma.

Lyle hakudanganya. Injini iliunguruma sawasawa, bila kupanda wala kushuka, na gari likakata theluji likiwa halina mtu ndani, vioo vyake vyote viwili wazi, mkanda wa kiti cha abiria ukining'inia. Ng'ombe walifuata. Ardith alikata kamba, akatupa, akakata, akatupa, hadi marobota yakaisha na gari bado linakwenda. Alipoinua macho uzio ulikuwa karibu. Akaruka chini, akakimbia kando ya gari kwenye theluji kwa magoti yake yale, akaufikia mlango, akaugeuza usukani mwenyewe.